Viti Kumi na Viwili vya Bibi Hjördis

Bibi alisema, "Simameni wote."

Hakuna aliyesimama.

Ilikuwa mchana wa Midsommar, sikukuu yetu Waswidi ya katikati ya majira ya joto, mvua inanyesha, samaki wa siki na viazi vipya viko mezani. Familia nzima ya mchumba wangu, watu wazima, wengine wana mvi, mmoja ni diwani kabisa, wote wameng'ang'ania viti vyao kwa mikono miwili na macho kwenye sahani.

Naomba nianze mwanzo, maana hata mimi nikikumbuka nacheka peke yangu kazini.

Naitwa Sixten. Ni fundi lifti, Norrköping. Ukikwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, mimi ndiye unayempigia simu na kumtukana.

Mambo ya fanicha za kale nilikuwa sijui hata moja. Kwangu kiti kilikuwa kiti. Una makalio, unakaa, habari imeisha.

Halafu nikampenda Tyra.

Tyra amelelewa na bibi yake, Hjördis, kwenye nyumba nyekundu ya mbao nje kidogo ya Söderköping. Ndani kuna sebule moja kubwa ambayo watu wakiingia wanapunguza sauti bila kuambiwa. Kwenye sebule hiyo kuna meza ndefu na viti kumi na viwili vya kijivu, vya enzi za mfalme Gustav wa Tatu. Miaka zaidi ya mia mbili hiyo.

Familia ile ina sheria moja. Nyumba inakwenda na viti. Anayerithi nyumba ni yule anayeaminika kuvitunza vyote kumi na viwili na kumkabidhi anayefuata vikiwa vizima. Aliyeiweka ni mama mkwe wa Bibi, marehemu sasa, na Bibi anaitamka kama amri ya kumi na moja.

Sasa Bibi nyonga ilikuwa imemchosha. Akatangaza kwamba baada ya operesheni atahamia fleti mjini, na siku ya Midsommar, mbele ya wote, atasema nani anachukua nyumba. Tyra, au mjomba Börje.

Tyra anataka kuishi pale. Ile miti ya matufaa kila mmoja una jina, na majina aliyapa yeye akiwa mdogo.

Mjomba Börje anataka kuwauzia watu wa gofu. Alisema hivyo waziwazi, tena mdomoni ana keki ya Bibi.

Bibi alipokwenda hospitali Linköping akamwachia Tyra funguo. "Maua umwagilie. Paka umlishe. Na viti, mjukuu wangu."

Hakumaliza. Alimtazama tu, na Tyra akaelewa.

Wiki ileile balbu ya sebuleni ikaungua.

Mnajua kinachofuata. Ngazi iko ghalani, ghala liko mbali, kiti kiko hapa. Tyra akavua soksi, akapanda.

Nilisikia mlio kama mtu kavunja karoti. Kuangalia, Tyra yuko sakafuni, balbu mkononi nzima kabisa, na chini yake kiti kimekuwa kuni.

"Umeumia?" nikauliza.

"Mimi niko salama. Angalia kiti."

Mguu wa mbele ulikuwa umepasuka kutoka juu hadi chini. Mgongo umekatika vipande. Hapo gundi ingekuwa sawa na kumpaka marehemu dawa ya kikohozi.

Tyra akaanza kucheka, kile kicheko cha mtu aliyeuona msala wake kwa ukubwa wote. Nami nikaambukizwa. Tulicheka mpaka paka akahama chumba.

"Tumwambie tu ukweli," nikasema.

"Sixten. Mpenzi wangu wa kabla yako aliweka glasi ya maji juu ya kabati la sebuleni bila kitambaa. Unajua yuko wapi sasa?"

"Wapi?"

"Hakuna anayejua. Hatumtaji."



"Mjomba ameshasema mimi ni mtoto, siwezi kutunza hata mmea," Tyra akaendelea, na safari hii hakuwa anacheka. "Akisikia hili, nyumba imekwenda. Nitakuwa napita barabarani naangalia wazee wanapiga vijiti kwenye matufaa yangu."

Basi. Tukakubaliana tutafute kiti kingine kinachofanana, tukipachike, tujikaushe.

Tyra akapanga vipande kwenye meza ya jikoni na kunifundisha. Utoto wake wote kila Jumamosi alikuwa anavifuta vumbi viti vile, kwa hiyo alivijua vyote kwa vidole.

"Anza na mguu. Umenyooka, unaona? Kabla ya Gustav miguu ya viti ilikuwa imepinda, kama mbwa anayetaka kukaa. Gustav akaenda Paris bado kijana, akakuta watu wameanza kuiga Wagiriki na Warumi wa kale, nguzo na mistari. Akarudi na hizo habari. Miguu ya viti nchi nzima ikanyooka."

"Kwa amri?"

"Kwa wivu. Mkubwa akibadilisha sebule, jirani analala kweli?"

Nikajifunza. Mguu ni mnene juu na unakonda ukishuka. Una mifereji ya wima pande zote, kama nguzo za mahekalu. Pale unapokutana na fremu ya kikalio kuna kibonge cha mraba, na juu ya kibonge kumechongwa ua la duara. Mgongo una umbo la yai, na kileleni kuna utepe wa mbao uliofungwa kama wa zawadi. Rangi ni kijivu cha lulu, ile inayobadilika kidogo jua likiingia. Kijivu cha mlango wa gereji hakihusiki.

"Na kulia kufanane na kushoto," Tyra akasema. "Kila kitu kwa kipimo. Hakuna kujishaua."

"Kumbe ni viti vya watu wanaoogopa kuonekana wanajishaua."

"Ni viti vya Waswidi, mpenzi."

Mitandaoni nikaongeza elimu. Kiti cha kale kweli kimeshikwa kwa vigingi vya mbao, hakina skrubu. Ua limechongwa kwenye mbao ileile ya mguu, halikubandikwa. Chini ya kikalio unakuta michirizi ya randa ya mkono. Ukikuta alama za msumeno wa mviringo, hiyo ni mashine, hicho ni kiti cha juzi. Na chini ya rangi kuna rangi nyingine, maana kila kizazi kilikuwa na wazimu wake wa kupaka.

Nikawa kichaa, nawaambia ukweli. Majira ya joto kwetu kila ghala la shamba linageuka soko la vitu vikuukuu, na mimi nikawa nalala chali chini ya viti vya watu na tochi mdomoni.

Kwenye mkahawa mmoja Valdemarsvik nikainama kupapasa chini ya kiti alichokalia mama mmoja. Nilijaribu kueleza. Maelezo hayakusaidia, tukaondoka bila kumaliza kahawa.

Midsommar inakaribia. Kiti hakuna.

Mwisho tukafika kwa mzee mmoja, Folke, anauza vikombe na kanda za video. Nikamwonyesha picha.

"Viti sina," akasema. "Kimoja kipo banda la kuku, ila hicho siuzi. Malkia anataga hapo."

"Malkia ni nani?"

"Kuku. Nani mwingine anataga?"

Tukaingia bandani. Malkia alikuwa amekaa juu ya kitu cha kahawia kilichojaa kinyesi na majani makavu. Nikapiga magoti kwenye uchafu. Mguu umenyooka. Mifereji. Kibonge, ua. Mgongo wa yai, utepe juu.

Tyra akanishika bega mpaka kucha zikaingia.

Mzee Folke hela hakutaka. Alichotaka ni Malkia asidhulumiwe. Nikaenda kwenye gari, nikashusha kiti cha ofisi chenye magurudumu nilichokuwa nakipeleka jalalani, nikakiweka bandani na kukitandikia majani. Malkia akakizunguka, akaruka juu, akakaa. Kiti kikazunguka naye kidogo. Alionekana ameridhika.

"Mmemharibu," Folke akasema. "Sasa atajiona mkurugenzi."

Nyumbani tukaosha kinyesi, tukaanza kukwangua rangi kwa wembe, taratibu, bila maji wala dawa. Mpango ulikuwa tutoe kahawia, kisha tupake kijivu. Chini ya kahawia ikatoka nyeupe. Chini ya nyeupe ikatoka kijivu cha lulu chenyewe, tayari, laini kama ganda la yai.

Tukarukaruka jikoni kama watoto. Kazi ya kupaka imeondoka. Tukasema ni bahati, tukanywa kahawa.

Furaha ikaisha tulipokipanga sebuleni na wenzake kumi na moja.

Vile kumi na moja vilikuwa sawasawa, kimo kimoja, maua yamelingana. Cha kwetu kilikuwa kifupi kidogo. Ua la kushoto lilikuwa limenenepa kuliko la kulia. Utepe umeinama upande.

"Fundi wake alikuwa amelewa," Tyra akasema.

"Kidogo tu."

"Sixten, kati ya vyote hivi, hiki ndicho kinachopiga kelele kwamba ni feki. Bibi atakiona akiwa mlangoni."

Tukapanga hivi. Kiti kikae mwisho wa meza, mimi nikikalie na nisinyanyuke chakula chote, hata nyumba ikiungua. Na tuombe jua, maana jua likiwaka familia inakula bustanini kwenye mabenchi.

Mwenye kuijua Midsommar yetu anajua jibu la ombi hilo. Ilianza kunyesha alfajiri na haikupumzika.

Wakaja. Mjomba Börje wa kwanza, mtu wa kicheko kikubwa na koti la bei. Hata viatu hajavua, akasimama mlango wa sebule na kuhesabu kwa kidole.

"Kumi na viwili," akasema, na niliona ameumia kidogo. "Haya, Tyra. Umejitahidi."

Akaja mama mdogo Gullan, yule diwani, na keki ya jordgubbar, yale matunda mekundu ambayo bila hayo hakuna Midsommar. Wakaja binamu, wengi, warefu, wote wakinipa mkono na kutaja majina yao nisiyoyakumbuka hadi leo. Bibi, aliyekuwa amesharudi kutoka hospitali, akatoka chumbani na fimbo yake, mwembamba, wima, nywele zimebanwa hadi nyusi zimepanda.

Hapo ndipo nikaona jambo. Kila mtu alikwenda moja kwa moja kwenye kiti chake. Hawakusukumana, hawakuulizana. Tyra alishaniambia kwamba pale kila mtu ana kiti chake tangu utotoni, na kukalia cha mwenzio ni kama kutumia mswaki wake.

Lakini walivyokuwa wanakaa sasa. Taratibu. Makalio yanatua kama ndege yenye mayai ndani. Wima, mikono pembeni.

Nikasema moyoni, ama kweli familia hii ina adabu.

Kisha nikaangusha kiazi.

Nikainama kukiokota, na macho yangu ya wiki zile za mazoezi yakafanya kazi yenyewe. Vile kumi na moja hatukuwahi kuthubutu kuvipindua. Kiti cha mjomba Börje kilikuwa na skrubu. Skrubu za nyota, zinang'aa. Cha mama mdogo Gullan, ua limebandikwa na gundi imechuruzika. Cha binamu aliyekuwa karibu yake kilikuwa na alama za msumeno wa mashine kutoka mwanzo hadi mwisho. Kingine chini ya kikalio kilipakwa kijivu cha mlango wa gereji.

Nilirudi juu polepole, bila kiazi.

"Tyra," nikanong'ona. "Kiti cha mjomba kina skrubu za nyota."

"Nini?"

"Na cha mama mdogo, ua ni la kubandika."

"Acha. Utanichekesha."

"Mpenzi, binamu yako amekalia kitu kilichotoka kiwandani na maelekezo."

Tyra akajifunika uso kwa kitambaa. Mabega yanatikisika. Mjomba akamwuliza kama amepaliwa na mfupa.

Wakati huo Bibi, kule kichwani mwa meza, akasimama.

"Sixten, upepo wa dirisha hili unaniingia mgongoni. Njoo tubadilishane."

Nikasema mimi niko vizuri tu. Nikasema upepo ni mzuri kwa afya. Nikasema kitu kuhusu oksijeni.

"Kijana," akasema Bibi. "Nipishe."

Nikampisha. Ningefanyaje.

Akakaa. Akatulia. Kisha akajisogeza kidogo kushoto, kidogo kulia, na uso wake ukabadilika namna ambayo sikuweza kuisoma. Mkono wake wa kulia ukashuka, ukaingia chini ya kikalio, ukawa unapapasa kama mtu anayetafuta miwani kitandani.

Ukasimama mahali.

Tyra alinikanyaga mguu chini ya meza. Mjomba Börje, ambaye hajui kukaa kimya, akainua kiglasi na kuanza wimbo wa kunywea.

"Börje, funga mdomo," Bibi akasema. "Simameni wote. Kila mtu apindue kiti chake, miguu juu."

Na hapo ndipo tulipoanzia. Hakuna aliyesimama.

Sisi tukibanwa hatupigi kelele. Tunasifia chakula.

"Viazi vimeiva vizuri mwaka huu," akasema mama mdogo Gullan.

"Vizuri sana," akajibu mjomba, jasho linamtoka.

"Ni bizari hii," binamu mmoja akachangia.

Bibi akangoja. Mvua ikapiga madirisha.

Aliyesimama ni Tyra.

Na mimi nilimpenda pale kuliko siku yoyote.

"Bibi, hicho ulichokalia si cha hapa. Cha hapa nilikivunja nikibadilisha balbu. Hicho kimetoka banda la kuku. Tulikipachika ili usijue." Akavuta pumzi. "Kama nyumba ni ya mjomba, apewe. Naitaka mpaka naumwa, lakini siwezi kuishi humu nikijua niliipata kwa kukudanganya."

Nikasimama naye. "Na mimi nilisaidia," nikasema. "Hasa upande wa kuku."



Mjomba Börje akakohoa. Niliona anavyojikusanya, uso umevaa huzuni ya msibani na macho tayari yako kwenye gofu.

"Jamani," akasema, "kwa masikitiko makubwa," na akasimama kutoa hotuba.

Kiti chake kikabaki na miguu mitatu.

Wa nne ulidondoka, ukabingirika chini ya meza polepole, skrubu ya nyota inagonga sakafu, ukaenda kusimama kwenye kiatu cha Bibi.

Tuliutazama wote.

"Börje," akasema Bibi.

"Ulikuwa mwaka wa tisini na nne, Mama," mjomba akasema, na sauti ilikuwa ya mtoto. "Kombe la Dunia. Tuliwatoa Romania kwa penati. Niliruka. Nikatua."

Mama mdogo Gullan alitoa mlio mdogo. "Wewe pia?"

"Wewe pia kivipi?"

"Mimi nilikianikia soksi karibu na jiko. Kikaungua mguu. Nilimlipa mtu Motala anichongee kingine. Miaka yote hii nikija hapa naumwa tumbo, nilidhani ni samaki."

Basi hapo bwawa likapasuka. Binamu mmoja akakiri alikifanya goli la mpira. Mwingine alikitumia kama sleji kwenye theluji, kikamfikisha hadi ziwani lakini hakikurudi. Binamu mrefu kuliko wote, mtu wa maneno machache, akasema, "Trekta. Naomba nisiulizwe zaidi."

Kila mmoja alikuwa amejua siri moja tu, yake. Kila mmoja alikuwa amekalia uongo wake mwenyewe kila Midsommar, wima, akiamini wenzake wote wamekalia enzi za mfalme. Sasa walikuwa wanapindua viti na kuonyeshana kama watoto wanaoonyeshana makovu. Mama mdogo alikuwa analia kwa kucheka. Mjomba amekaa sakafuni, mguu wa kiti mkononi.

Bibi aligonga fimbo.

"Mmemaliza? Sasa nisikilizeni mimi."



"Mwaka nilioolewa, mama mkwe wangu alikwenda Öland kwa dada yake. Enzi zile kila bi harusi aliyejiona wa kisasa alikuwa anachovya fanicha za kale kwenye soda kali, rangi itoke, mbao ibaki uchi. Magazeti yote ya wanawake yalisema ndiyo usafi. Nikasema nimfanyie mama jambo la kumfurahisha akirudi."

"Bibi, hapana," Tyra akanong'ona.

"Nikachovya vyote kumi na viwili. Soda ikala rangi. Kisha ikala gundi. Nikawa naopoa vijiti."

Nilimwona mama mdogo akishika mdomo.

"Ukafanyaje, Mama?" mjomba akauliza kutoka sakafuni.

"Ilikuwa Aprili inaisha. Kijiji kizima kinatafuta kuni za moto wa Valborg, wa kuyaaga majira ya baridi. Nikachangia."



"Viti vya enzi za Gustav," mjomba akasema polepole, "uliviwasha Valborg."

"Viliwaka vizuri sana. Mchungaji alisifia."

Wallahi nilidhani mama mdogo atazimia. Bibi mwenyewe mdomo ulikuwa umeanza kumcheza, lakini alijikaza akaendelea.

"Kuna seremala parokia ya mbali alinichongea vingine kumi na viwili, nikamwapisha asiseme. Mama mkwe aliporudi akakaa, akasema, 'Mh, vimetulia. Havilii tena.' Akavipenda upya. Ndipo akatunga ile sheria, nyumba iende na viti. Mimi nimesimama pale na birika la kahawa, natamani ardhi ipasuke."

"Kwa hiyo miaka yote," nikasema, maana sikuweza kunyamaza, "mmekuwa mkivunja feki na kuweka feki."

"Na kuogopana," Bibi akasema.

Akasimama, akaniomba nipindue kile cha banda la kuku. Akatuita tusogee. Vigingi vya mbao, hakuna skrubu hata moja. Michirizi ya randa, haikunyooka, ya mkono wa mtu. Na kwenye fremu ya nyuma, pale kidole chake kilipokuwa kimesimama, muhuri mdogo uliogongwa kwenye mbao, taji na herufi mbili, wa mafundi viti wa enzi hizo.

"Mara ya mwisho kukalia kitu kama hiki nilikuwa bi harusi," akasema. "Kilinibana mgongo palepale vile vilipokuwa vinanibana. Nikajua kabla sijapapasa. Ni cha kweli, tena ni kimoja tu sebule nzima."

"Lakini maua hayalingani," Tyra akasema.

"Yalichongwa na mtu, mjukuu wangu. Mashine ndiyo inayolinganisha."

Tyra akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. Mjomba Börje akanyanyua ule mguu wa kiti kama mwanafunzi anayeomba kuuliza swali.

"Na nyumba, Mama? Maana sheria inasema viti."

"Sheria ilikuwa ya viti nilivyochoma," Bibi akajibu. "Nyumba ni ya Tyra. Wala si kwa sababu ya hiki kiti, hiki ni bahati ya kuku. Ni kwa sababu mimi nina miaka zaidi ya themanini, na kwa miaka zaidi ya sitini nimeshindwa kufanya alichofanya yeye leo. Nimewalea ninyi wote kwa hofu niliyoianzisha mimi. Nawaomba radhi."

Mjomba Börje akamtazama mama yake. Nilijiandaa kwa ugomvi. Kisha yule mtu mkubwa akaweka mguu wa kiti chini, akatambaa hadi alipokuwa Bibi, akaegemeza kichwa kwenye magoti yake.

"Nilikuwa nataka kuuza ili nisikae tena kwenye kile kiti," akasema.

Baada ya hapo sijui nani alianza. Nakumbuka tu tulikuwa nje, mvua inatupiga, tunaruka kama vyura kuzunguka nguzo ya maua, ile ngoma yetu ya Midsommar ambayo haina aibu hata kidogo. Diwani amelowa hadi mifupa. Mtu wa trekta anaimba. Bibi yuko barazani anapiga fimbo kwa mapigo.

Tulioana Agosti, chini ya matufaa. Wageni walikaa kwenye mabenchi.

Na funzo langu ni hili. Ukiingia nyumba ya watu ukawakuta wote wamekaa wima mno mezani, usikimbilie kusema hawa wana adabu. Huenda kila mmoja anashikilia mguu wa kiti usidondoke, na anangoja mtu mmoja tu asimame.

Simama wewe.